Gigabaiti 64 Zinapoonekana 59: Jinsi Vipimo vya Data Vinavyobadilishwa

Mafundi simu na wauza vifaa vya kompyuta wa Arusha, kuanzia maduka ya jirani na Soko Kuu hadi vibanda vya Stendi Ndogo, wana malalamiko wanayoyasikia mara kwa mara kiasi kwamba baadhi yao wameshajitungia majibu mafupi ya kuyazima. Mteja amenunua flashi iliyoandikwa GB 64, ameichomeka kwenye kompyuta, na kompyuta inamwonyesha GB 59 na nukta kadhaa. Mwingine amefungiwa faiba nyumbani kwake Njiro kwa makubaliano ya kasi ya 20, lakini anapopakua filamu anaona tarakimu zinazozunguka kwenye 2 na nusu. Wa tatu amejiunga na kifurushi cha GB 1, akatazama mpira kwa muda usiofika saa nzima, na bando limekata. Wote watatu hufikia hukumu moja: tumeibiwa.

Katika visa viwili vya kwanza hakuna kilichoibiwa, na katika kisa cha tatu kwa kawaida hakuna pia. Kilichotokea ni kwamba muuzaji amepima kwa kipimo kimoja na kifaa cha mteja kimesoma kwa kipimo kingine, huku vipimo vyote viwili vikiandikwa kwa herufi zinazokaribia kufanana au zinazofanana kabisa. Makala haya yanaeleza vipimo hivyo na namna ya kutoka kimoja kwenda kingine kwa hesabu ambayo mtu anaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu. Wizi wa kweli nao upo, lakini una sura tofauti kabisa na hii, nami nitaufikia mwishoni kwa sababu hautambuliki vizuri kabla hesabu hazijakaa sawa.

Biti na baiti

Kipimo kidogo kuliko vyote ni biti. Biti moja ni jibu la swali lenye majibu mawili tu: ndiyo au hapana, 1 au 0, umeme upo au haupo. Jina hilo lilichapishwa mwaka 1948 katika andiko la mwanahisabati wa Marekani Claude Shannon kuhusu nadharia ya mawasiliano, naye alieleza kwamba lilipendekezwa na mwenzake John Tukey.

Biti moja peke yake haibebi mengi, hivyo kompyuta huzishughulikia biti kwa mafungu, na fungu la biti 8 huitwa baiti. Werner Buchholz wa kampuni ya IBM ndiye aliyelipa fungu hilo jina mwaka 1956, na kwa miaka kadhaa baadaye ukubwa wake ulitofautiana kati ya mashine moja na nyingine. Kompyuta za IBM System/360, zilizotangazwa mwaka 1964, zilisaidia sana kuifanya 8 kuwa kawaida. Biti 8 zinaweza kupangwa kwa namna 256 tofauti, idadi inayotosha herufi zote kubwa na ndogo tunazoandikia Kiswahili, tarakimu na alama za uandishi, na nafasi ikabaki.

Kwa hiyo jina Arusha, lenye herufi 6, huchukua baiti 6, yaani biti 48, na Kilimanjaro, lenye herufi 11, huchukua baiti 11, yaani biti 88. Kutoka baiti kwenda biti unazidisha kwa 8. Kutoka biti kwenda baiti unagawanya kwa 8. Hiyo ni hesabu ya kwanza kati ya mbili zinazohitajika katika makala haya yote, na haina ubishi wala tofauti za kampuni.

Kuna mahali hesabu hii inagusa mfuko wa mtu bila yeye kujua, napo ni kwenye ujumbe mfupi wa simu. SMS moja imetengewa baiti 140. Zidisha kwa 8, unapata biti 1,120. Herufi za kawaida za SMS zimebanwa zikachukua biti 7 badala ya 8, na 1,120 ukigawanya kwa 7 unapata 160, ndiyo herufi 160 ambazo kila mwenye simu amezizoea. Lakini mwandishi akiingiza alama moja tu isiyokuwemo katika orodha hiyo ya herufi, kwa mfano emoji ya kucheka, ujumbe mzima huhamishiwa kwenye mfumo wa biti 16 kwa kila herufi, na 1,120 kugawanya kwa 16 ni 70. Kiswahili kina mtego wake hapa. Ritifaa iliyonyooka iliyopo kwenye neno ng'ombe imo katika orodha ya kawaida, lakini ritifaa iliyopinda, ambayo baadhi ya simu na programu za uandishi huiweka zenyewe kwa ajili ya urembo, haimo. Barua ya kikundi cha wafugaji inayotumwa kwa SMS kwa wanachama 200 inaweza kugharimu mara mbili kwa sababu ya alama ndogo ambayo hakuna aliyeikusudia.

Herufi b ndogo na B kubwa

Kwa maandishi, biti huwakilishwa kwa b ndogo na baiti kwa B kubwa. Mb ni megabiti, MB ni megabaiti, na kati yao kuna tofauti ya mara 8. Si tofauti ya mtindo wa kuandika, ingawa katika mabango na vipeperushi vingi vya mjini herufi hizo huwekwa kubwa au ndogo kadiri mchoraji wa bango alivyopenda.

Desturi ya dunia nzima ni kwamba kasi ya mtandao hutajwa kwa biti, ilhali ukubwa wa faili hutajwa kwa baiti. Wahandisi wa mawasiliano walihesabu kinachopita kwenye waya, na kwenye waya hupita biti moja baada ya nyingine. Watu wa kompyuta walihesabu kinachohifadhiwa, na kilichohifadhiwa hukaa kwa baiti. Kila upande ulibaki na hesabu yake. Haikuwa hila, japo ni kweli pia kwamba wauzaji wa intaneti hawajawahi kuwa na haraka ya kuwaelimisha wateja, kwa kuwa 20 inapendeza kwenye tangazo kuliko 2.5.

Mteja wetu wa Njiro ana mkataba wa megabiti 20 kwa sekunde, yaani biti milioni 20. Ukigawanya kwa 8 unapata baiti milioni 2.5, na hizo ndizo MB 2.5 kwa sekunde anazoziona wakati wa kupakua. Anapata alichonunua. Filamu ya MB 700 kwa kasi hiyo itashuka kwa sekunde 280, yaani dakika 4 na sekunde 40, na kwa hali halisi itazidi kidogo, kwa kuwa sehemu ya kila kifurushi kidogo cha data hubeba anwani za kinakotoka na kinakokwenda, na kwa kuwa Wi-Fi inayopenya kuta mbili za tofali haifiki chumbani na nguvu ile iliyotoka nayo sebuleni. Mtu anayetaka kujua kama anapunjwa apime kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya, saa ambazo wengine nyumbani hawatumii, kisha alinganishe biti na biti. Programu nyingi za kupima kasi huonyesha megabiti, wakati kivinjari kinachopakua faili huonyesha megabaiti. Kulinganisha namba ya huku na ya kule bila kuzigeuza ndiko kunakozaa nusu ya simu zinazopigwa kwa huduma kwa wateja.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoeleza bando lililokata. Megabiti 1 kwa sekunde ni baiti 125,000 kwa sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600. Zidisha: baiti 450,000,000, yaani MB 450. Kanuni hii inafaa kukaririwa, kwa sababu karibu kila kinachosikilizwa au kutazamwa mtandaoni kina kiwango chake cha biti kwa sekunde: kila megabiti 1 kwa sekunde ni MB 450 kwa saa. Redio ya mtandaoni inayorushwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula MB 28.8 kwa saa, na mtu anaweza kuisikiliza kutoka Arusha hadi Moshi na kurudi bila kuumia. Video ya mpira inayotiririka kwa megabiti 2.5 kwa sekunde hula MB 1,125 kwa saa. Kifurushi cha GB 1 kwa kasi hiyo humalizika baada ya dakika 53 hivi, kipindi cha pili kikiwa ndiyo kwanza kimeanza kama mtazamaji alizima video wakati wa mapumziko.

Hapa ndipo inapofaa kuuchambua usemi uliozoeleka kwamba 4G inakula bando kuliko 3G. Kwa faili moja, usemi huo hauna ukweli: picha ya MB 5 ni MB 5, ishuke kwa sekunde moja au kwa dakika moja. Lakini programu za video hupima kasi ya mtandao na kupandisha ubora wa picha zenyewe kadiri kasi inavyoruhusu. Kwenye 3G iliyochoka video ilikuwa ikija kwa megabiti nusu, ikiwa na ukungu. Kwenye 4G inakuja kwa megabiti 2.5 au zaidi, ikiwa safi. Saa ni ileile moja ila biti zimekuwa mara tano. Anayelalamika hajakosea kuhusu matokeo, amekosea kuhusu mhusika, na dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya programu ya video na kuufunga ubora kwenye kiwango cha chini.

Kilo ya elfu moja na kilo ya 1,024

Hesabu ya pili ndiyo yenye matatizo zaidi, kwa sababu haihusu herufi mbili tofauti bali neno moja lenye thamani mbili.

Kilo, mega, giga na tera ni viambishi vya mfumo wa metriki, na maana zake zinajulikana: elfu, milioni, bilioni, trilioni. Kilogramu ni gramu 1,000 na kilomita ni mita 1,000. Lakini kumbukumbu ya kompyuta haipendi elfu. Kila chumba cha kumbukumbu huitwa kwa anwani inayopitishwa kwenye nyaya, na kila waya una hali mbili. Nyaya 10 hutoa anwani 2 zilizozidishwa zenyewe mara 10, yaani 1,024. Waunda kompyuta wa mwanzo waliona 1,024 iko karibu na 1,000, tofauti ikiwa asilimia 2.4 tu, wakaiita nayo kilo. Hawakuwa na haja ya zaidi, maana kompyuta zenyewe zilikuwa na kilobaiti chache.

Tatizo ni kwamba tofauti hiyo hukua kila ngazi unayopanda. Mega ya aina hiyo ni 1,024 mara 1,024, yaani 1,048,576, ikiwa imezidi milioni kwa karibu asilimia 4.9. Giga yake ni 1,073,741,824, imezidi bilioni kwa asilimia 7.4. Tera yake ni 1,099,511,627,776, na ziada imefika karibu asilimia 10. Kilichokuwa kosa dogo la kusameheana kimegeuka kuwa sehemu ya kumi ya mali.

Anayenunua vitunguu vya Mang'ola kwenye Soko la Kilombero anaijua hali hii bila kufundishwa. Kuna gunia la kawaida, na kuna gunia la lumbesa lililojazwa hadi mdomoni kisha likaongezewa kilemba cha wavu juu yake. Wakala wa Vipimo umeipiga marufuku lumbesa kwa miaka mingi, lakini wakulima na madalali bado wanaijua vizuri. Magunia yote mawili huitwa gunia. Mtu akinunua magunia 100 ya kawaida, kisha akayapima upya kwa gunia la lumbesa, atapata pungufu ya 100, ingawa hakuna kitunguu hata kimoja kilichoanguka njiani. Mtengenezaji wa flashi anauza magunia ya kawaida: GB 64 zake ni baiti 64,000,000,000. Kompyuta inayotumia Windows inapima kwa lumbesa: inagawanya namba hiyo kwa 1,073,741,824, inapata 59.6, kisha inaandika mbele yake herufi zilezile GB. Kosa la kuandika jina lisilo lake ni la kompyuta kuliko la mtengenezaji, ingawa ghadhabu zote humwishia mtengenezaji na, kabla yake, kijana wa dukani.

Kwa kanuni hiyohiyo diski ya GB 500 huonekana kama 465.7, na diski ya TB 1 huonekana kama 931. Anayetaka kukadiria haraka azidishe GB zilizoandikwa kwenye boksi kwa 0.93; kwa TB, azidishe kwa 931 apate GB zitakazoonekana kwenye Windows. Kinachopungua zaidi ya hapo ni nafasi kidogo inayotumika kupanga orodha ya mafaili, na kwa kawaida ni kidogo sana.

Wanasayansi waliliona tatizo mapema na kulitafutia majina. Mwaka 1998 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, ilipitisha viambishi vipya kwa ajili ya hesabu ya 1,024: kibi, mebi, gibi na tebi. Kwa hiyo kibibaiti, KiB, ni baiti 1,024, na gibibaiti, GiB, ni baiti 1,073,741,824, wakati gigabaiti inabaki bilioni kamili. Ukisema flashi ile ni GB 64 au GiB 59.6 umesema jambo moja mara mbili, na pande zote mbili umesema kweli. Majina hayo yanatumika katika baadhi ya mifumo ya Linux na katika maandiko ya kitaalamu, lakini madukani hayajulikani, na Windows imeendelea kupima kwa gibi na kuandika giga. Apple ilichukua njia nyingine: kuanzia toleo la mfumo wake wa kompyuta la mwaka 2009, ilihesabu kwa elfu kama mtengenezaji wa diski. Ndiyo maana flashi moja inaweza kusoma 59.6 kwenye kompyuta ya rafiki mmoja na 64 kwenye Mac ya rafiki mwingine, na mabishano yakazuka kati ya watu wawili walio sahihi.

Jambo hili liliwahi kufika mahakamani. Nchini Marekani wateja waliishtaki kampuni ya Western Digital kuhusu ukubwa wa diski zake, na mwaka 2006 kesi ikamalizwa kwa maelewano ambapo kampuni iliwapa wateja programu ya kuhifadhi nakala bila malipo. Tangu hapo ni nadra kukuta boksi la diski lisilo na sentensi ndogo inayosema kwamba GB 1 ni baiti 1,000,000,000. Iko pale, kwa maandishi ya kumlazimu mtu avae miwani.

Na anayedhani viwango viwili vinatosha kumchanganya mtu aikumbuke disketi ya zamani iliyoandikwa 1.44 MB. Uwezo wake ulikuwa baiti 1,474,560. Ukigawanya kwa milioni hupati 1.44, na ukigawanya kwa 1,048,576 hupati 1.44 pia. Inabidi ugawanye kwa 1,024,000, yaani kilo moja ya kila aina zilizozidishwa pamoja. Ilikuwa megabaiti ya tatu, na haijawahi kutumika kwa maana kwingineko.

Kumbukumbu, hifadhi na kamera

Simu inaposemwa ni ya GB 4 kwa GB 64, namba hizo mbili hazihesabiwi kwa kipimo kimoja. Ile 4 ni RAM, kumbukumbu ya kazi, nayo kwa asili yake hutengenezwa kwa hesabu ya 1,024, hivyo ina baiti 4,294,967,296. Ile 64 ni hifadhi ya picha na mafaili, nayo huhesabiwa kwa elfu. Simu mpya inayoonyesha kwamba GB kumi na kitu zimeshatumika kabla mwenyewe hajapiga picha hata moja haijapunguzwa kwa hesabu yoyote ya vipimo. Nafasi hiyo imekaliwa na mfumo wa simu na programu zilizokuja nayo.

Waongoza watalii wanaopanda kwenda Ngorongoro na Serengeti wana matumizi mengine ya hesabu hizi. Megapikseli si megabaiti: megapikseli 24 ni idadi ya nukta za picha, milioni 24, na ukubwa wa faili unategemea kila nukta imepewa biti ngapi. Kamera inayohifadhi picha ghafi kwa biti 14 kwa kila nukta bila kubana hutumia biti milioni 336 kwa picha moja, ukigawanya kwa 8 ni baiti milioni 42. Kadi ya GB 64, yenye MB 64,000, itabeba picha 1,520 hivi, nazo kwa siku tatu za msimu wa nyumbu kuvuka mto si nyingi. Kwa video, kamera hutaja megabiti na kadi hutaja megabaiti, kwa hiyo mtego wa mara 8 unarudi: video ya megabiti 100 kwa sekunde inahitaji kadi inayoandika MB 12.5 kwa sekunde, na kadi yenye alama ya V30, inayoahidi angalau MB 30 kwa sekunde, inatosha bila shaka. Hakuna haja ya kununua kadi ya bei ya juu kwa kuiogopa ile 100.

Suala jingine linalofanana na upungufu lakini halihusiani nao ni flashi inayokataa faili moja kubwa ilhali ina nafasi ya kutosha. Flashi nyingi huja zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika GiB 4. Kuipanga upya kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo, kunamaliza tatizo.

Mbona simu na mtandao havikubaliani

Kwa upande wa vifurushi, tofauti ya 1,000 na 1,024 ipo lakini ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ujumbe wa kujiunga ukisema umepata MB 1,024, basi GB 1 ya kifurushi hicho imehesabiwa kwa 1,024. Ukisema MB 1,000, imehesabiwa kwa elfu. Hata ikichukuliwa tofauti kubwa kabisa, kati ya gigabaiti na gibibaiti, ni MB 74 hivi, ambazo kwa video ile ya mpira hazifiki dakika nne.

Kinacholeta tofauti kubwa ni kwamba simu na mtandao havianzi kuhesabu kwa wakati mmoja. Hesabu ya matumizi ya data ndani ya simu kwa kawaida huanza upya kila tarehe fulani ya mwezi, wakati kifurushi huanza dakika uliyojiunga na huenda kikaisha saa 24 baadaye. Simu hujumlisha, mtandao hupunguza. Pia kinachohesabiwa ni kinachoingia na kinachotoka kwa pamoja, hivyo video unayoituma kwenye kundi la harusi inakatwa kama ile unayoitazama, na picha zinazojihifadhi zenyewe mtandaoni usiku zinakatwa pia. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa kanuni ndogo zinazomtaka mtoa huduma amtaarifu mteja matumizi ya kifurushi yanapofikia asilimia 75 na 100; ujumbe huo wa asilimia 75 ukija mapema kuliko ulivyotarajia, mahali pa kuanzia ni orodha ya programu zilizotumia data ndani ya simu, ambayo hutaja kila programu na kiasi chake.

Flashi isiyopungua

Sasa wizi wenyewe. Kuna kadi za kumbukumbu na flashi bandia zinazoandikwa GB 512 au TB 1 ilhali ndani yake mna GB 8 au 16. Namna zinavyotengenezwa inatia kichefuchefu: kidhibiti kilichomo ndani hurekebishwa kidanganye kompyuta kuhusu ukubwa, hivyo ukiichomeka, kompyuta inaonyesha ukubwa ulioandikwa kwenye kasha, ukiwa umeshageuzwa hata kwa hesabu ya gibi. Mteja anayepima uaminifu kwa kutazama namba ya kwenye skrini ataigombeza flashi halali kwa kuonyesha 59.6 na kuikubali bandia iliyojieleza vizuri.

Bandia hujulikana inapojazwa. Ikishapita uwezo wake wa kweli, data mpya huandikwa juu ya ya zamani au hupotea kabisa, majina ya mafaili yakibaki kwenye orodha kana kwamba kila kitu kipo. Mwenye kadi huja kugundua wiki mbili baadaye, anapofungua picha za harusi na kukuta nusu yake hazifunguki. Zipo programu za bure zinazofanya jaribio hilo, kama H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac: huijaza flashi yote kwa data inayojulikana, kisha huisoma upya na kulinganisha. Kwa kadi kubwa kazi hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa, na inafuta haja ya kubishana. Asiye na programu hizo anakili video hadi flashi ijae, aichomoe, aichomeke tena, kisha afungue video ya kwanza, moja ya katikati na ya mwisho, akiitazama kila moja hadi mwisho wake. Afanye hivyo kabla muda wa kurudisha bidhaa aliokubaliana na muuzaji haujapita, na risiti asiitupe.